Bomba jipya, farasi wapya? Namna ya kusoma karatasi ya daino kabla hujatoa hela

"Shikamoo fundi."

"Marahaba." Spana sijaiweka chini, simu imeshafika usoni mwangu. Kijana wa kijiwe cha Ngamiani, hapa Tanga, namfahamu, Boxer yake nimeifungua mara mbili. Kwenye kioo kuna mchoro: mstari wa bluu chini, mwekundu juu, na maandishi makubwa kwamba Boxer 150 imetoka farasi 12 (farasi ni kipimo cha nguvu ya injini) imefika 16.5 kwa kubadilishiwa bomba la moshi tu. Bei laki na nusu.

"Fundi, nichukue?"

Nilikaa Sharjah miaka sita, kwenye gereji za pikipiki, na kwa muda mwingi kazi yangu ilikuwa moja: kufunga pikipiki za watu juu ya daino, mashine ya kupimia nguvu ya pikipiki, kuzikaba mikanda, kufungua mafuta mpaka mwisho na kumpa mwenye mali karatasi yake. Nimeshatoa karatasi za kweli na nimeshaona karatasi za uongo zikitolewa. Kwa hiyo nikamwambia akae kwenye ndoo, anipe kalamu. Haya ndiyo niliyomwonyesha, na mengine nimeyaongeza hapa kwa sababu siku ile mvua ilitukatisha.

Kwanza ujue mashine yenyewe. Daino ya aina niliyoitumia ni pipa zito la chuma lililolala chini ya sakafu, nusu yake imechungulia nje. Tairi la nyuma linakaa juu yake. Ukifungua mafuta, tairi linalizungusha pipa, na kompyuta, ambayo uzito wa pipa inaujua, inaangalia pipa linaongeza kasi kwa haraka kiasi gani. Kutoka hapo inapiga hesabu ya farasi. Waya mwingine unashikwa kwenye waya wa plagi ili ihesabu mizunguko ya injini. Ukishajua farasi na mizunguko, unapata na nguvu ya kusokota, ile ambayo sisi barabarani tunaiita mvuto. Ziko daino nyingine zinazolikaba pipa kwa breki ya sumaku, na hizo hazitoi namba sawa na hii. Shika hilo: farasi wa kwenye karatasi hawakupimwa, walihesabiwa, na kwenye hesabu ndiko watu wanakochezea.

Piga hesabu yako kabla ya kuuliza lolote

Hili halihitaji daino. Linahitaji simu yenye kikokotoo. Chukua farasi (wale wa PS, ambao vitabu vingi vya pikipiki za India vinawatumia), zidisha kwa 7,024, gawanya kwa mizunguko ambapo farasi hao wamepatikana. Jibu ni mvuto kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mvuto).

Boxer BM150 kitabuni ina cc 144.8, farasi 12 kwenye mizunguko 7,500, na mvuto wake mkubwa ni Nm 12.26 kwenye mizunguko 5,000. Ukigawanya mvuto huo kwa ukubwa wa injini, unapata kama Nm 85 kwa kila lita moja. Kwa injini ya valvu mbili inayopozwa na upepo, hiyo ni afya njema kabisa.

Sasa njoo kwenye mchoro wa kijana. Farasi 16.5, mizunguko ile ile 7,500. Hesabu inatoa Nm 15.45. Kwa cc 144.8 hiyo ni Nm 107 kwa lita. BMW S 1000 RR, pikipiki ya mashindano iliyowekewa taa na namba, ina Nm 113 kutoka cc 999, sawa na 113 kwa lita. Yaani muuza bomba anatuambia kwamba Boxer iliyobeba magunia ya mkaa kutoka Muheza imekuwa jirani ya S 1000 RR, kwa kipande cha bati. Na kama 16.5 zimepimwa kwenye tairi kama anavyodai, basi injini yenyewe inatoa zaidi ya hapo, na tumeshampita Mjerumani.

Kijana akacheka. Mimi nilikuwa bado.

Kuna jambo la injini na tairi hapo ambalo lazima ulitenganishe. Namba ya kitabu imepimwa kwenye injini. Daino inapima kwenye tairi, baada ya klachi, giaboksi, cheni na tairi kula chao, na kwa kawaida wanakula asilimia 10 hadi 15. Boxer nzima isiyo na tatizo ikisoma farasi 10 na kidogo kwenye daino, haijaibiwa kitu. Pale Sharjah wateja wa Hayabusa, ile Suzuki kubwa ya mbio, walikuwa wanakuja na 197 za kitabu kichwani, wakiona 170 na ushei wanataka kupigana. Kwa hiyo mtu akikuonyesha "kabla" ambayo ni sawasawa na ya kitabu mpaka nukta, jua hiyo kabla hakuipima. Ameinakili.

Herufi ndogo za kwenye kona

Karatasi ya daino ina maandishi madogo juu au chini. Watu wanayaruka. Mimi naanzia huko.

Hewa ya baridi na nzito huipa injini pumzi, hewa ya moto au ya mlimani huinyima. Ili karatasi ya Januari ilingane na ya Agosti, kompyuta inarekebisha namba kana kwamba siku zote ni hali ya hewa moja. Shida ni kwamba "hali ya hewa moja" ziko zaidi ya moja. Ukiona SAE, inachukulia nyuzi 25 na mgandamizo wa milibari 990. Ukiona STD, inachukulia nyuzi 15 na nusu hivi na mgandamizo wa usawa wa bahari. Pikipiki ile ile, mbio zile zile (mbio ni kufungua mafuta mara moja juu ya daino), ukibofya STD badala ya SAE namba inapanda karibu asilimia 4. Hujagusa boliti. Kwa pikipiki ya farasi 100 umeongeza wanne kwa kidole. Basi kama karatasi ya kabla ni SAE na ya baada ni STD, rudisha simu kwa mwenyewe.

Angalia pia namba ya marekebisho yenyewe, mara nyingi imeandikwa kama 1.02 au 1.07. Agosti ya Sharjah, nyuzi 42 na unyevu unaokulowesha shati saa mbili asubuhi, mashine ilikuwa inatuongezea asilimia 6 au 7, na hiyo ni halali. Lakini gereji moja niliyopita kabla ya hapo ilikuwa na mchezo wake. Kipimajoto cha daino kilikuwa kwenye waya mrefu. Mbio za kabla kinaning'inia ukutani karibu na kiyoyozi. Mbio za baada, kinasogezwa taratibu nyuma ya rejeta. Kompyuta inaamini chumba kimepanda nyuzi 10, inaionea injini huruma, inaipa nyongeza. Nyuzi 10 za uongo kwa pikipiki ya farasi 100 ni karibu farasi wawili, na wawili hao ndio watu wanaowalipia wanaponunua chujio la hewa. Kwa hiyo linganisha namba za marekebisho za karatasi mbili. Kama zimepishana sana na wanadai walipima siku moja, uliza kipimajoto kilikuwa wapi.

Mengine ya kona nayapitia haraka. Kipimo: kW, PS na hp si kitu kimoja, kW moja ni PS 1.36, na PS 100 ni hp 98.6. Mstari wa pembeni unaanzia wapi: ukianzia 8 badala ya 0, nusu farasi itaonekana kama Usambara. Na ulaini wa mstari: kompyuta inaweza kuupiga pasi mstari mpaka mabonde yote yapotee. Mstari wa kweli wa injini ya silinda moja una mitetemo kidogo. Ukiteleza kama sabuni, omba wakuonyeshe usiopigwa pasi.

Rudisha kifaa cha zamani

Hapa nakaa kidogo, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoanguka.

Ililetwa KTM ya jangwani, cc 450. Mteja kanunua chujio jipya la hewa, anataka kujua limeongeza nini. Nikapiga mbio mbili na chujio la zamani, nikaandika. Nikafunga jipya, nikapiga mbio mbili. Farasi wawili juu! Nikachapa karatasi, mteja anatabasamu, pochi iko mkononi. Ustadi wetu, mzee wa Peshawar asiyependa maneno mengi, akaniangalia tu na kusema: "Rudisha la zamani."

Nikaona ananidhalilisha mbele ya mteja. Nikarudisha. Nikapiga mbio. Farasi wawili juu vilevile, na chujio la zamani.

Chujio halikuwa limefanya lolote. Mbio zangu mbili za kwanza nilizipiga oili ikiwa haijachemka vizuri. Kufikia za tatu na nne oili imekuwa nyepesi, giaboksi imelegea, tairi limepata moto. Nilipima joto la oili nikaliita chujio. Ustadi hakunigombeza. Aliniachia niende mwenyewe kumweleza mteja, na hiyo ilitosha.

Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha kabla na baada nauliza: na baada ya baada? Utaratibu ni huu. Pasha injini moto mpaka mbio mbili mfululizo zitoe namba moja. Kisha piga tatu na kifaa cha zamani, tatu na kipya, halafu rudisha cha zamani upige tena. Siku moja, daino moja, gia moja, upepo wa tairi ule ule, mikanda imekazwa kwa kiasi kile kile, maana ukiikaza zaidi tairi linakandamizwa kwenye pipa na linakula nguvu. Hata ukifanya yote haya, pikipiki ile ile itapishana yenyewe kwa yenyewe kama asilimia moja. Kwa hiyo kwenye Boxer, mtu anayekuuzia ongezeko la farasi 0.1 anakuuzia mtetemo wa mashine.

Na usilinganishe daino mbili tofauti. Rafiki yako kapima Nairobi, wewe umepima Dar, namba zenu hazina cha kuambiana. Nairobi iko juu mita 1,700 na zaidi, injini inapoteza kama asilimia 17 ya pumzi hata kabla marekebisho hayajaingia, na mashine mbili hazijawahi kukubaliana hata zikiwa chumba kimoja.

Kuna ujanja mwingine ambao si wa mtu, ni wa pipa lenyewe. Daino ya pipa inapima jinsi unavyoongeza kasi. Ukifunga rimu nyepesi, au cheni na sproketi nyembamba, nguvu iliyokuwa inapotea kuvizungusha vile vizito sasa inafika kwenye pipa, na karatasi inaonyesha farasi wamezaliwa. Injini haijui chochote kuhusu jambo hilo. Ni faida ya kweli unapoondoka taa ikiwa kijani, ila kwenye mwendo wa juu wa Chalinze hutaiona.

Kilele ni mahali hukai

Mteja mwingine, pikipiki ya cc 600, alifunga bomba zima kuanzia kwenye silinda. Kilele kilitoka 101 kikafika 106, mizunguko 13,500. Alifurahi, akapiga picha karatasi. Baada ya wiki karudi, kanuna: "Imekufa chini." Nikaichukua karatasi yake ile ile aliyoipiga picha nikamwonyesha kwa kidole. Kati ya mizunguko 5,000 na 7,500 mstari mpya ulikuwa chini ya wa zamani, mahali pengine kwa farasi wanne. Mzunguko wa barabara, foleni, kutoka kwenye taa: yote hayo yanafanyika pale. Alilipia farasi watano anaokutana nao mara moja kwa wiki kwenye barabara ya jangwani, akauza wanne aliokuwa nao kila siku.

Kwa hiyo ukipewa karatasi, usianze juu. Chukua kalamu, chora mistari miwili ya wima pale unapoendeshea. Dereva wa bodaboda hapa mjini anaishi kati ya mizunguko 3,500 na 6,500. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, abiria wawili na mzigo, ni hapo hapo, tena kwenye hewa inayozidi kuwa nyepesi. Mita kama elfu moja za kupanda zinamla karibu asilimia 10. Soma farasi kila baada ya mizunguko 500 ndani ya mistari yako, jumlisha, gawanya. Fanya hivyo kwa mstari wa zamani na mpya. Wastani huo ndio unaonunua. Kilele mwachie anayetaka picha.

Kama karatasi ina mstari wa tatu, wa mchanganyiko wa hewa na petroli, usiupite. Namba ikiwa karibu na 13 wakati mafuta yamefunguliwa mwisho, injini imeshiba. Ikipanda kuelekea 14 na 15, inakula hewa nyingi petroli kidogo, na kwenye injini ya kupozwa na upepo hiyo ni njia fupi ya kutoboa pistoni. Sasa angalia ujanja: kabla inasoma 14.5, baada inasoma 13. Basi walibadilisha bomba na jeti ya kabureta (kitundu kinachopimia petroli) pamoja, na sifa yote kapewa bomba. Huenda jeti peke yake, ya elfu chache, ingeleta nusu ya faida hiyo au yote. Mlinganisho wa haki ni bomba la zamani lililorekebishiwa jeti dhidi ya bomba jipya lililorekebishiwa jeti. Karatasi ya namna hiyo kwa muuzaji sijawahi kuiona.

Huna daino? Una barabara

Tanga sina daino. Ninacho kipande cha lami kilichonyooka kwenye barabara ya Horohoro, na simu.

Njia yangu ni hii. Nenda alfajiri kabla upepo haujaamka, hasa msimu wa kusi. Dereva mmoja, nguo zile zile (koti linalopepea ni breki), tangi limejaa kiasi kile kile. Funga simu juu ya dashibodi irekodi video ya mshale wa spidi. Gia ya tatu, tembea chini kidogo ya 35, kisha fungua mafuta mpaka mwisho hadi upite 60. Nenda mara tatu, rudi mara tatu, ili mteremko na upepo vifutane. Nyumbani tulia na video, hesabu muda kutoka mshale unapogusa 35 mpaka 60. Usitumie saa ya kubonyeza; kidole chako kinakosea sekunde 0.2, na utaona sasa hivi hiyo ni kubwa kiasi gani. Spidi ya dashibodi inaongopa, sawa, lakini inaongopa uongo ule ule kabla na baada.

Tulipimwa na Boxer ile kwenye mizani ya nafaka, mimi juu yake: kilo 198. Kutoka 35 hadi 60 uzito huo unahitaji nishati ya kama jouli 18,100. Ukitumia sekunde 5.0, wastani ni wati 3,630. Ukitumia 4.6, ni wati 3,945. Tofauti ni kama farasi 0.4 tu. Upepo na tairi vimekula juu ya hapo, hivyo hizi si farasi zote za injini, lakini tofauti ndiyo tunayoitafuta. Umeona? Sekunde 0.2 za kidole ni nusu ya faida nzima.

Tulikwenda Jumamosi ile, kijana na mimi. Mwenzake wa kijiweni alikuwa na bomba lile lile la kwenye mchoro, akatuazima. Pikipiki kama ilivyokuja: wastani 5.0. Bomba jipya: 4.9. Tukarudisha la zamani: 4.9. Basi hapo unajua.

Nikachukua chujio lake la hewa nikaligonga kwenye goti. Vumbi la Amboni lilitoka la kutosha kupandia mchicha. Nikaweka jipya. Nikapima valvu, ya kutolea moshi ilikuwa imebana. Nikalegeza cheni aliyokuwa ameikaza kama waya wa gitaa, nikatia oili mpya. Tukarudi Horohoro asubuhi iliyofuata: 4.6. Tukapima tena mchana kwa ubishi wake, upepo ukiwa umeshapanda, ikatoka 4.8 kwenda na 4.5 kurudi. Gharama yote haikufika elfu thelathini, na pesa yangu humo.

Akanyamaza, akavuta kiki, akazunguka mara moja uwanjani. "Kweli imebadilika, fundi," akasema. "Ila sauti..."

Alilinunua. Juzi amepita hapa na abiria. Nilimsikia tangu Chumbageni.